Tabora ni mji wa baiskeli. Kwa nini askari wa doria hapandi baiskeli?

#1 Mwana wa Ng'ambo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita mama yangu mdogo alikabwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, akitoka nyumbani Ng'ambo kwenda kufuata unga na mafuta. Anauza vitumbua. Walikuwa wawili. Mmoja alimpiga roba kwa nyuma, mwenzake akafungua pindo la kanga alikofunga fedha. Tunamshukuru Mungu hawakumchoma kisu. Shingo ilivimba siku nne, na mpaka leo akisikia hatua nyuma yake anasimama kwanza, anageuka, ndipo anaendelea.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Difenda ya doria ilikuwa imepita njia hiyohiyo dakika chache kabla. Mama mdogo aliiona. Taa zilimulika tangu mbali, akasikia injini, akasogea kando kupisha vumbi. Na wale vibaka waliziona taa zilezile, wakaisikia injini ileile. Walijibanza uchochoroni mpaka ikapita, halafu wakatoka wakijua kwamba haitarudi karibuni. Yaani gari lililoletwa kutulinda ndilo lililowapa taarifa kwamba njia imekuwa nyeupe.

Tulikwenda kituo cha polisi, tukapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu. Askari aliyetupokea alikuwa mtu wa adabu, sina neno baya juu yake. Alituambia ukweli: zamu nzima ina gari moja, na mafuta ni ya kupima.

Tangu siku hiyo nina wazo ambalo haliniachi. Mimi ni mwalimu. Kila siku ya kazi naenda shule kwa baiskeli, kilometa sita kwenda na sita kurudi. Njia ile naijua kuliko kiganja changu, na sikuijua kwa sababu nina akili nyingi. Nimeijua kwa sababu ya chombo ninachopanda. Ukiwa juu ya baiskeli unasikia mtaa. Unasikia mtoto analia nyumba gani, mlango gani unafunguliwa saa isiyo yake, kundi gani limenyamaza ghafla ulipokaribia. Mzee akikuamkia unaitika bila kusimama. Akikuita, mguu mmoja uko chini tayari. Ndani ya gari vioo vimepanda, injini inanguruma, mtu wa pembeni ni kivuli tu. Na kwa miguu, mpaka umalize Isevya yote usiku umekwisha.

Jambo lenyewe si geni duniani. Uingereza, polisi wa Kent walinunua baiskeli 20 mwaka 1896. New York, wakati Theodore Roosevelt anaongoza bodi ya makamishna wa polisi wa jiji kuanzia 1895, kabla hajawa Rais wa Marekani, kiliundwa kikosi cha askari wa baiskeli cha kudhibiti wale waliokimbiza baiskeli na farasi barabarani kupita kiasi. Magari yalipoenea, baiskeli zikawekwa kando. Zikarudi kwa kishindo Seattle mwaka 1987. Jiji lilikuwa linachimba njia ya mabasi chini ya ardhi katikati ya mji, barabara zimefumuliwa, magari ya polisi yanakwama. Askari wawili, Paul Grady na Mike Miller, wakaanza doria kwa baiskeli za milimani. Haikuchukua miaka mingi, miji mingine ya Marekani ikafuata. Mtafiti mmoja wa huko, Chris Menton, alilinganisha doria za baiskeli na za magari katika miji kadhaa, na matokeo yake ya mwaka 2007 yakaonyesha kwamba askari wa baiskeli hukutana na watu zaidi ya mara mbili ya askari wa gari kwa muda uleule. Kukutana na watu, wakuu. Ndiyo kazi ya doria.

Sasa Seattle ni mji wa vilima na mvua. Sisi tuna nini? Tuna mji uliolala tambarare, una barabara za miembe zenye kivuli mchana kutwa. Mkaa unaingia mjini kwa baiskeli, maji kwa baiskeli, asali kwa baiskeli, mgonjwa anafikishwa hospitali ya Kitete kwa baiskeli. Mwanamke wa Tabora anampakia mtoto mbele na gunia nyuma na hakuna anayemshangaa. Katika mji huu, mtu pekee ambaye hatumwoni juu ya baiskeli akiwa kazini ni yule ambaye kazi yake ni kuwa karibu nasi.

Sidai vingi. Nawaza baiskeli nne, askari wawiliwawili, na saa zilezile tunazoumizwa. Kwanza alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na mbili, wakati akina mama wanakwenda sokoni. Pili usiku treni inapoingia, abiria wanapotawanyika na mabegi kuelekea Cheyo, Kanyenye na Isevya, mmojammoja, gizani.

Naomba mawazo yenu. Hasa mliowahi kuvaa magwanda, na mafundi. Nawasilisha.

#2 Boda wa Isevya

Pole kwa mama mdogo, mwalimu. Jambo hilo linauma.

Lakini nisikilizeni na mimi ninayelala stendi. Wewe unaona askari akikaribia ni usalama. Sisi vijana tunaona uzururaji. Nimeshabebwa mara mbili nikiwa nimekaa juu ya pikipiki yangu nasubiri abiria, saa tano usiku, kosa langu ni kuwa nimekaa. Gari angalau nalisikia, najua linakuja. Huyo wa baiskeli atakuja kimya. Mtu mwema akija kimya ni sawa. Mwenye nia ya kunitoa elfu tano akija kimya, mimi nafanyaje?

Sipingi uzi. Ila mnaomlilia askari awe karibu, mkumbuke kuna ambao ukaribu wake umeshawagharimu.

#3 Fundi wa Chemchem

Mwalimu umenigusa, maana baiskeli ndiyo imesomesha wanangu watatu. Nitasema la ufundi peke yake.

Kosa la kwanza litakuwa kuwapa askari Phoenix. Naipenda Phoenix, nimeitengeneza tangu niko kijana, inabeba gunia mbili za mkaa na haivunjiki. Lakini tairi lake ni jembamba. Barabara ya lami haina shida, ila ingia vichochoro vya Ng'ambo na Kiloleni kiangazi, mchanga unashika rimu, unashuka unasukuma. Askari anayesukuma baiskeli anamfukuza nani? Inatakiwa baiskeli ya milimani, tairi pana la inchi 26, yenye gia. Breki ziwe za uhakika mbele na nyuma, si ile ya kukanyaga tairi kwa soli.

Kosa la pili ni kelele. Mnasema baiskeli ni kimya. Baiskeli iliyotunzwa ndiyo iliyo kimya. Mnyororo mkavu unalia kama panya. Kerea iliyolegea inagonga kila shimo. Madigadi yakipoteza nati yanapiga kengele mtaa mzima. Kwa doria ningefunga kila kitu kwa mpira wa tyubu iliyochakaa, na mafuta ya mnyororo kila Jumatatu. Taa ya dainamo pia hapana, inavuma, na ukisimama inazimika wakati ndipo unaihitaji. Taa ya betri, mbele nyeupe, nyuma nyekundu, zenye swichi karibu na kidole.

La tatu, mbigili. Mvua zikikatika ile miiba inakauka njiani na haichagui tairi la raia wala la serikali. Kila baiskeli iwe na pampu, viraka, solusheni, vyuma vya kuvulia tairi na tyubu ya akiba. Na askari mwenyewe ajue kuziba. Pancha ni kazi ya dakika kumi na tano kwa anayejua. Asiyejua ataniamsha saa tisa usiku.

Na la mwisho naomba mlishike, hata mengine mkiyasahau. Baiskeli za miradi tumeziona wote. Siku ya kukabidhi zimepangwa zinang'aa, watu wanapiga picha. Mwaka haujaisha unazikuta zimeegeshwa ukutani, moja haina tairi, nyingine imetolewa pedeli kuifaa nyingine. Hazikuharibika kwa ubovu. Zilikosa shilingi elfu chache za vipuri na mtu wa kuzishika. Kama baiskeli nne zinaletwa bila fungu la matengenezo, ni afadhali ziletwe mbili zenye fungu.

#4 Mstaafu Uyui

Nimesoma kwa makini. Nilivaa magwanda miaka 27, nimestaafu kwa heshima, nalima karanga zangu sasa. Nitajibu kama mtu wa lindo, simsemei mtu yeyote aliyeko kazini.

Mwalimu yuko sahihi kuhusu gari. Kila askari aliyewahi kukaa nyuma ya difenda usiku anajua kwamba unaona mgongo wa barabara na vumbi lako mwenyewe. Unafika palipotokea jambo, hufiki panapotokea jambo. Nilipoanza kazi, tulitembea. Mkubwa wetu alikuwa na baiskeli ya kituo na alikuwa anatukuta popote, hatujui atatokea wapi. Nasi tulioogopa kukutwa tumelala tulijifunza hapohapo jinsi mhalifu anavyoogopa kitu kisichosikika.

Lakini mkitaka jambo hili lifanyike, msiliuze kama jambo rahisi. Kuna mambo yatamsumbua OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) yeyote mtakayemfuata, bora myajibu kabla hajauliza.

Silaha. Doria ya usiku huwa na bunduki ndefu. Bunduki ndefu na usukani wa baiskeli havipatani. Ukiivaa mgongoni inagonga kiti, ukiivaa kifuani huoni mbele. Kwa hiyo askari wa baiskeli atabeba kirungu na pingu, labda bastola kwa mwenye cheo, na kila mahali atategemea mwenzake na redio ya upepo. Redio ni muhimu kuliko baiskeli yenyewe, naomba hilo lieleweke. Wawili wenye baiskeli bila redio ni raia wawili waliovaa sare.

Mtuhumiwa. Hapakiwi kwenye kerea. Ukimkamata, unamshika, unaita gari. Kwa hiyo difenda haiondoki, inabadilika kazi tu. Badala ya kuzunguka na kuunguza mafuta, inakaa sehemu moja ya katikati, dereva macho, inaitwa inakuja. Hapo ndipo mafuta yatakapookolewa, na hapo ndipo hoja yenu ina nguvu kwa mtu wa bajeti.

Mafunzo. Watu wanafikiri kila mtu anajua baiskeli. Kuendesha kwenda sokoni ni kitu kimoja. Kwenda polepole kama mtu anayetembea bila kuweka mguu chini, kuruka ukiwa bado unatembea na kuanza kukimbia, kuiweka baiskeli kati yako na mwenye panga, hivyo hufundishwa. Chama cha kimataifa cha askari wa baiskeli za milimani, IPMBA, kozi yake ya msingi ni saa 32. Si miezi, ni siku nne. Hata chuo cha polisi Moshi wanaweza kuiweka ndani ya mafunzo ya kawaida.

Na wewe kijana wa Isevya, umesema kweli. Sitajifanya sikuona. Nitakurudia.

#5 Mwana wa Ng'ambo

Mzee wangu, shikamoo. Umenifungua macho kuhusu redio na difenda kukaa katikati. Sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nilikuwa naiona kama gari au baiskeli.

Fundi, naandika pembeni kila ulichosema.

#6 Buzebazeba

Salamu kutoka mwisho wa reli.

Nawaonea wivu kwa tambarare yenu. Kwetu Kigoma ukitoka Mwanga kushuka stesheni ni breki mwanzo mwisho, ukirudi ni kifua. Askari atafika juu hana pumzi ya kuuliza jina. Kwa hiyo msije mkasema jambo hili ni la kila mji.

Ila hata kwetu kuna Ujiji. Kasingirima, Kipampa, Buzebazeba, kule ni sawa, nyumba zimebanana, vichochoro vinaingiliana na gari halipiti. Kule ndiko askari hafiki kabisa, kwa sababu gari lake haliingii na miguu yake haitoshi. Wanawake wanaotoka Kibirizi na dagaa alfajiri wana kilio kilekile cha mama mdogo wako. Mkifanikiwa Tabora, tuandikieni mlivyofanya, tutaanzia Ujiji na vilima tutawaachia wenye pikipiki.

#7 Mama Stesheni

Mimi nauza chakula karibu na stesheni, treni ikichelewa nami nachelewa. Nimesoma yote, nimeona mmeongea silaha, tairi, redio. Hamjasema askari wa kike.

Nawaambia kitu ambacho wanaume hamkioni. Binti akifuatwafuatwa na mwanaume njiani hatapiga 112. Atasema nini? Kwamba kuna mtu anatembea nyuma yangu? Hatakwenda kituoni pia, dawati la jinsia lipo na wanapokea vizuri, lakini kufika pale ni safari, na ukionekana umeingia kituoni mtaa mzima una jambo la kuzungumza jioni. Lakini askari mwanamke akipita na baiskeli, akasimama kununua chai kwangu, binti yule atamsogelea kama anayeuliza bei. Watasema maneno matatu. Yametosha.

Mimi mwenyewe kuna jambo la mwanangu wa kike nilikaa nalo miezi mitano sikulipeleka popote. Ningekuwa na mtu wa kumwambia palepale kwenye jiko langu, nisingekaa nalo hata siku mbili.

Na msiniambie askari wa kike hawezi baiskeli. Tabora hii!

#8 Mnyanyembe

Hoja yangu fupi. Wezi wa siku hizi wana pikipiki. Wanapora simu na mkoba wakiwa mwendo, wamepotea. Baiskeli itawakimbiza wapi?

#9 Mstaafu Uyui

Haitawakimbiza, mkuu. Hata difenda haiwakamati, inaingia mtaa mmoja wao wametokea wa pili. Mporaji wa pikipiki anakamatwa kwa sababu kuna mtu alimwona akizunguka mara tatu kabla hajapora, akaandika namba. Au alikuta pikipiki imezibwa namba kwa tope wakati hakuna mvua. Huyo aliyeona ndiye tunayemtaka barabarani. Akishaona, redio ina kasi kuliko injini yoyote.

Sasa kijana wa Isevya. Nitakwambia nilichoona kwa miaka yangu. Askari anayepita kwa gari leo Isevya, kesho Ipuli, keshokutwa Kitete, hakujui na hujui jina lake. Kwake wewe ni kijana mmoja kati ya vijana. Hapo ndipo uzururaji unapozaliwa, kwa sababu hana namna ya kutofautisha dereva na kibaka, naye zamu yake inataka hesabu. Askari aliyepewa mitaa mitatu ileile kwa mwaka mzima, anayekunywa chai kwa Mama Stesheni, atajua kijiwe chako, atajua mkeo amejifungua lini. Akikuomba elfu tano leo, kesho mtaa mzima unajua ni nani, na mkaguzi wa kata ana simu. Kubaki mtaa mmoja ndiko kunakomfunga mikono. Baiskeli inamwezesha kubaki.

#10 Boda wa Isevya

Mzee, hapo tumeelewana kidogo. Basi mimi naweka masharti. Namba yake ya jeshi ionekane kifuani, isifunikwe na koti la mvua. Na sisi wa vijiwe tupewe orodha ya namba hizo, za mitaa yetu, ibandikwe kwa mtendaji. Akiwa mwema tutakuwa macho yake, maana usiku hakuna anayeona mji huu kuliko sisi.

#11 Mwanachuo

Naunga mkono, lakini naomba tusiipe baiskeli sifa isiyo yake. Huko Seattle kwenyewe mlikokutaja, mwaka 2020 wakati wa maandamano ilisambaa video ya askari akipitisha baiskeli yake juu ya kichwa cha mtu aliyelala barabarani. Baiskeli za polisi huko hutumika pia kama ukuta wa kusukuma watu. Chombo kilekile, mji uleule.

Kwa hiyo sharti la ndugu wa Isevya si dogo. Liwe la kwanza kwenye barua, lisiwe la mwisho.

#12 Muuguzi

Niongeze la afya, kwa sababu askari naye ni mtu. Kukaa juu ya kiti cha baiskeli saa nyingi kila siku kunabana mishipa na neva za sehemu za siri. Wanaume wanapata ganzi, na wengine matatizo ya nguvu za kiume, kisha wanaona aibu kusema. Marekani, taasisi yao ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilichunguza askari wa doria za baiskeli wenyewe. Matokeo ya mwaka 2008 yalihusu askari 90 waliopewa viti visivyo na ile pua ya mbele kwa miezi 6, na ganzi ikapungua sana.

Fundi, viti vya namna hiyo havipo dukani kwetu, lakini najua mnashona viti. Pana nyuma, pua fupi iliyoinama. Na zamu zisiwe za kukaa juu ya baiskeli saa nane mfululizo. Ashuke, atembee, aongee na watu, apande tena.

#13 Fundi wa Chemchem

Dada muuguzi, ahsante sana. Miaka yote wateja wananiambia kiti kinauma, nami nawapandishia au nawashushia, sikujua uzito wa jambo lenyewe. Pua nitaikata na kushona upya kwa ngozi. Nitajaribu kwanza kwa ya kwangu.

#14 Mzee wa Nzega

Wanangu, mwangaluka.

Nimekaa kimya muda mrefu nikiwasoma. Nataka kusema la sungusungu, kwa sababu nilikuwamo, na kwa sababu kila linapozungumzwa suala la ulinzi huku kwetu, ama linasifiwa kupita kiasi au linafichwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mnamo 1982, ng'ombe walikuwa wanaibwa kwa bunduki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na silaha zilikuwa mikononi mwa watu. Polisi walikuwa mbali na hawakuwa na usafiri. Tukajipanga wenyewe, Wanyamwezi na Wasukuma, kijiji kwa kijiji, upinde na mishale, filimbi kwa kila mwanaume. Filimbi ikilia kijiji cha kwanza, cha pili kinadakia, cha tatu kinaziba njia. Wezi wa ng'ombe walikoma kweli. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilituunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ikatutambua.

Tulikuwa na mwendo huohuo mnaousema. Ujumbe kati ya kijiji na kijiji ulipelekwa kwa baiskeli. Nami nilikuwa mmoja wa wapeleka ujumbe, nina kovu la mguuni niliangukia korongo usiku.

Lakini tulikosea pia, nami nasema wazi kwa kuwa nina miaka iliyobaki michache. Watu walipigwa. Bibi vizee walisingiziwa uchawi wakafukuzwa, wengine wakapata makubwa kuliko kufukuzwa. Aliyepiga alijulikana, jina lake lilijulikana, mtaa ulimjua, na bado alipiga. Kwa hiyo mwanangu Mstaafu, kujulikana peke yake hakumfungi mtu mikono. Kinachomfunga ni kuwapo mahali pa kumshitaki ambapo mshitaki hataogopa kulala nyumbani kwake usiku ule.

Mwaka 2006 Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, likaja neno polisi jamii. Nililipenda. Askari arudi kwa watu, watu wamsaidie askari. Vikao vilifanyika vingi. Ila askari alikuja kikaoni kwa gari na aliondoka kwa gari, na tuliyoyasema kikaoni tukabaki nayo. Kama angekuja kwa baiskeli ningemsindikiza mpaka njia panda, na yale nisiyoyasema mbele ya watu ningemwambia njiani.

#15 Mstaafu Uyui

Mzee wangu nimekusikia, na hapo umenirekebisha. Nakubali.

Basi liandikwe hivi: malalamiko dhidi ya askari wa baiskeli yasipelekwe kituo anachotoka. Yaende kwa mkubwa wa juu yake, na mtendaji wa mtaa abaki na nakala yenye mhuri.

#16 Mama Stesheni

Mzee wa Nzega, ulivyosema kuhusu njia panda ndivyo ilivyo. Maneno mengine hayatoki mtu akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya meza.

#17 Mwana wa Ng'ambo

Wakuu, sikutegemea uzi uende hivi. Jana jioni nilimsomea mama mdogo michango yote kwenye simu, akiwa anachagua mchele wake. Nilipofika kwa Mama Stesheni alinyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuniambia siku ile: mmoja wa wale wawili anamjua kwa sauti. Ni kijana aliyewahi kununua vitumbua vyake. Nikamuuliza kwa nini hakusema kituoni. Akajibu, "Pale palikuwa na watu wengi kaunta, na nyumba yangu haina uzio."

Sijui nimweleze nani sasa bila kumweka hatarini. Mzee Mstaafu, nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha.

Barua nimeiandika upya. Imeanza na namba kifuani na mahali pa kulalamikia. Halafu redio. Halafu difenda kukaa katikati, kisha baiskeli nne zenye fungu la vipuri, askari wa kike wasiopungua nusu, na viti alivyosema muuguzi. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nahitaji watu wa Ng'ambo, Isevya na Cheyo waje na saa na mahali walipokabwa au kuporwa, hata kama hawakuripoti. Majina yasiandikwe, ni saa na mahali tu. Tukizipanga saa hizo kwenye karatasi moja, OCD ataona mwenyewe doria inapotakiwa.

#18 Boda wa Isevya

Nimezungumza na wenzangu wa kijiwe. Tuko kumi na mmoja, na tuna matukio tisa ya mwaka huu, saa na kona tunazikumbuka zote. Nakuja nayo Jumamosi.

Na mwalimu, mwambie mama mdogo kuanzia kesho alfajiri tutapokezana. Saa kumi na nusu mmoja wetu atakuwa mlangoni kwake, atamsindikiza mpaka sokoni. Bila nauli.

#19 Fundi wa Chemchem

Nami nitakuwapo. Nakuja na baiskeli moja ya milimani niliyoikarabati, tairi pana, kerea imefungwa kwa tyubu, kiti nimeshakikata pua. Akitokea askari yeyote kwenye mkutano, apande azunguke nayo uwanjani aone kama kuna mtu atamsikia.